Tezi na omo: siku nane kutoka Kariakoo mpaka Lamu nikifuata maneno ya babu

Siku ya 1, Dar

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa majahazi, Tanga, Mombasa, Lamu, maisha yake yote, na alikuwa na msemo wake mmoja ambao hakuuacha mpaka anaingia kaburini: tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtoto katoroka nyumbani karudi usiku ana njaa, babu anausema. Mtu kazunguka na stori nusu saa nzima mwisho anaomba hela, babu anausema. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka tu, mimi sikujua tezi ni nini, omo ni nini, ngama ndo sikuwahi hata kuiona, na babu amefariki sijamuuliza. Hilo limenikaa rohoni miaka sita sasa. Mwezi huu wa kwanza nikapata likizo nikasema basi, nitaipanda pwani yote kwenda juu, nitauliza maneno ya bahari na maneno ya jeshi pia, maana babu alikuwa anayachanganya yote mawili kama kitu kimoja.

Nimeanzia Kariakoo makusudi. Watu milioni wanapita hapa kununua vitenge na simu na wengi hawajui kwamba jina lenyewe ni la kijeshi. Waingereza walipoichukua Dar mwaka 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa vita, kile kikosi walichokiita Carrier Corps, watu wetu wakalitamka wanavyoweza likawa Kariakoo, na Nairobi nao wana yao, Kariokor. Wale wapagazi ndo walibeba vita ile kichwani, unga, risasi, vipande vya mizinga, kwa mguu, na upande wa Waingereza peke yake walikufa zaidi ya 40,000, wengi sio kwa risasi ila kwa kuhara na malaria na njaa. Mi nikisimama pale sokoni nawaza hao, siwezi kujizuia.

Nikatembea mpaka sanamu ya Askari pale Samora, imesimama tangu 1927, ameinamisha bunduki kidogo na singe, kile kisu cha mbele ya bunduki, limeelekea bandarini. Askari ni Kiarabu, askar ni jeshi zima, na askari ni mtu mmoja wa jeshi hilo. Singe limekuja kutoka India, wao wanasema sangin, na wanajeshi wa Kihindi ndo waliojaa kwenye vita ile.

Jioni nimerudi kwa daladala na hapo ndo nikagundua kitu ambacho kimenifurahisha sana, kwamba hata ukiwa Mbagala mbali na maji bado unaongea kibaharia. Konda anadai nauli, na nauli ni malipo ya chombo cha baharini, Waarabu wanasema nawl nao waliitoa kwa Wagiriki, naulon. Dereva kashika usukani, na sukkan kwa Waarabu ni ule ubao wa nyuma ya chombo unaokigeuza. Rubani je? Leo ukisema rubani kila mtu anaangalia juu angani, lakini rubani wa kwanza alikuwa wa baharini, mtu anayejua mwamba uko wapi na mkondo unavuta wapi.

Siku ya 2, Unguja

Asubuhi nimepanda boti. Wakati tunatoka mlango wa bandari ya Dar kuna meli kubwa ya makontena inaingia na mbele yake kile kiboti cha rubani, nikafurahi kweli, nikamwonyesha mama mmoja aliyekaa pembeni yangu, akasema kumbe, mi najua marubani wa ndege tu. Neno meli lenyewe sio zee hivyo. Babu zetu walikuwa na chombo, jahazi, dau, mashua, na merikebu kwa vile vikubwa. Alafu kuanzia 1872 ikaja stima ya Kiingereza kila mwezi kuleta barua Unguja, Wazungu wanasubiri mail, mail, na watu wa bandarini wakaona basi hicho kitu kinachokuja ndo meli. Yaani kila ukisema meli unasema posta.

Manowari nayo ni ya Waingereza hao hao, man-of-war, chombo cha vita. Wazanzibari walilijua hilo neno kwa uchungu. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari zilipiga jumba la sultani na kwa kama dakika 38 kila kitu kikawa kimeisha, mamia ya watu wamekufa au kujeruhiwa, na meli ya sultani, Glasgow, ikazamishwa pale pale mbele ya mji. Haikuzama yote, milingoti yake ilibaki imechomoza majini mpaka 1912 ndo ikaondolewa. Nimekaa Forodhani jioni nakula urojo naangalia pale maji yalipo, nawaza mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekua mpaka miaka 16 anaona hiyo milingoti kila akienda kuogelea. Na Forodhani yenyewe ni forodha, mahali pa kushushia mzigo na kulipia ushuru.

Lakini kilichonishika zaidi ni Ngome Kongwe, hatua chache tu kutoka hapo. Wareno walikuwa na kanisa mahali hapa. Waomani walipowafukuza wakajenga ngome juu ya kanisa lile, mwishoni mwa miaka ya 1600 kuingia 1700, na baadaye ngome ikatumika kufungia watu. Sasa chukua neno gereza. Limetoka Kireno, igreja, maana yake kanisa! Watu wa pwani waliwaona Wareno wanasali ndani ya kuta nene, wakaita zile kuta gereza, kanisa likaondoka zikabaki kuta, zikawa ngome, ngome ikafungiwa watu, na neno likafuata hatua kwa hatua mpaka leo hakuna anayesikia sala ndani yake. Kilwa Kisiwani mpaka leo ile ngome inaitwa Gereza na haina mfungwa hata mmoja. Nimeugusa ukuta wa pale kwa mkono, mawe ya matumbawe na chokaa, una joto la jua, nikakaa hapo muda mrefu.

Siku ya 3, Nungwi

Hii ndo siku niliyokuwa naisubiri. Ufukweni Nungwi bado wanaunda vyombo kwa mkono, nimewakuta mafundi wanne chini ya mkungu na jahazi moja limesimama juu ya magogo halijafunikwa ubavu wa kushoto. Nimewasalimia, fundi mkubwa mzee wa miaka sabini hivi akaitikia marahaba mwanangu, karibu, nikamwambia nimekuja kujifunza majina tu. Akaniangalia kidogo akasema majina? Hayo ndo yanayokufa kwanza, chombo chenyewe kinakufa baadaye.

Akanishika mkono kabisa akanizungusha. Huu mti mrefu wa chini ni mkuku, kila kitu kimesimama juu yake. Hizi zilizopinda kama mbavu ni mataruma, na hazipindwi kwa moto, unaenda kutafuta tawi lililozaliwa limepinda hivyo. Mbele hapa omo. Nyuma kule tezi. Nikasimama. Nikamuuliza, na ngama? Akacheka, akaniambia panda ndani utazame chini pale katikati, pale pa chini kuliko pote, maji yote yanayoingia chomboni yanakwenda kukusanyika pale. Nikachungulia. Kulikuwa na vumbi la mbao tu na kipande cha kamba, maana chombo hakijaona maji bado, lakini nilishikwa na kitu kooni, maneno ya babu yalikuwa mbele ya macho yangu, mbele, nyuma na pale chini.

Mchana wakaanza kukalafati. Kijana anachukua pamba anaichovya mafuta, anaisokota kwa vidole iwe kama utambi mrefu, anailaza kwenye ufa wa mbao na mbao alafu anaipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mti, tok tok tok, polepole, hasogei mpaka aridhike. Nimejaribu na mimi kama nusu mita, fundi akaja akapitisha ukucha akasema toa rudia. Nikatoa nikarudia. Neno kalafati limezunguka dunia kuliko mimi na wewe, Waarabu wanalo, Waturuki wanalo, Waitaliano wanasema calafatare, Wahispania calafatear, mabaharia wa bahari zote wanaziba ufa kwa neno moja. Kazi ikiisha chombo kinapakwa deheni chini, shahamu na chokaa, ili wadudu wasitoboe mbao, na deheni ni mafuta tu kwa Kiarabu.

Na jahazi? Kwa Waarabu jihaz ni vifaa, mtambo, kitu kilichotayarishwa kikamilika. Wahindi ndege wanaiita hawai jahaz, jahazi la hewani. Nilipomwambia fundi hilo alifurahi sana akawaita wenzake waje wasikie.

Siku ya 4, njiani

Boti ya kurudi Dar ilienda mrama vibaya, kaskazi, ule upepo wa msimu huu, imekaza, watu wanatapika kwenye mifuko. Hapo ndo unaelewa kwamba mrama ni chombo kulala huku na huku, sio maneno ya kwenye magazeti kwamba mambo yameenda mrama. Basi la Tanga jioni, nimefika usiku nimechoka, mjomba kanisubiri stendi.

Siku ya 5, Tanga

Mjomba ndo mtoto wa mwisho wa babu, na yeye pia hakuwahi kupanda jahazi kikazi, alikuwa reli. Asubuhi tumekaa barazani, chai na mihogo, nikamweleza ya Nungwi, akanyamaza muda alafu akasema twende nikuonyeshe alipokuwa ananipeleka baba.

Tukaenda upande wa Ras Kasone. Hapa ndo walishukia wanajeshi wa Waingereza na Wahindi tarehe 2 Novemba 1914, karibu 8,000, na ndani ya mji kulikuwa na askari wa Wajerumani kama 1,000 tu chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Wenye jeshi kubwa walishindwa, wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Na katikati ya mapigano nyuki walichafuka, risasi ziliwachokoza wakatoka kwa makundi wakawauma watu wa pande zote mbili. Babu alikuwa anasimulia hii kama ameiona, kumbe kasimuliwa na baba yake.

Mjomba akasema, baba alikuwa anamalizia hivi: siku hiyo Tanga mizinga yote ililia. Nikashtuka. Mzinga kwanza ni gogo lililotobolewa ndani, unalitundika mtini nyuki wanaingia wanaweka asali. Wakaja wageni na bomba lao la chuma, refu, tupu ndani, linaunguruma, watu wakatazama wakasema huu si mzinga tu? Na wakaliacha hivyo hivyo mpaka leo mizinga 21 inapigwa kwa heshima ya rais. Mi sijui neno jingine katika Kiswahili ambalo limepata uwanja wa kujionyesha kama hili lilivyopata Tanga, mizinga ya aina zote mbili siku moja shamba moja. Siku hizi vijana wakikuomba hela wanasema wamekupiga mzinga, na ukweli unauma kama wa nyuki.

Bunduki yenyewe ukiifuata nyuma unafika kwenye kokwa. Bunduq kwa Waarabu ni tunda dogo gumu la mti, duara kama gololi, Wagiriki waliliita kokwa ya Ponto, maana lilitoka Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi. Ikawa jina la kigololi cha udongo cha kurushia ndege kwa upinde, alafu baruti ilipokuja likahamia kwa kitu kinachorusha gololi. Na risasi ni madini yenyewe, rasas, yale mazito ya kijivu wavuvi wanayofunga kwenye nyavu zizame.

Mjomba kanionyesha pia kijiwe cha mgambo pembeni ya barabara. Tunawajua mgambo kwa kukimbizana na wamachinga, ila zamani mgambo lilikuwa tangazo la mji, pembe inapigwa watu wanatoka kusikiliza, ndo maana ya mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nadhani aliyeitikia ile pembe akiwa na silaha mkononi ndo jina likamganda.

Siku ya 6, Horohoro mpaka Mombasa

Mpakani foleni ndefu, na mpaka wenyewe hauna habari na lugha, upande huu afande, upande ule afande. Hili neno nalipenda sana kwa safari yake. Mwaka 1889 Mjerumani Wissmann alikuja kupigana na watu wa pwani, Abushiri na wenzake, akaajiri Misri askari wa Kisudani mia kadhaa. Jeshi la Misri lilikuwa linatumia vyeo vya Kituruki, wale askari wakaja navyo vyote mgongoni. Ombasha, kichwa cha kumi, ndo koplo. Shaushi, ndo sajini. Na juu efendi, bwana mkubwa, ambalo Waturuki nao walilichukua kwa Wagiriki. Ombasha na shaushi wamekufa, tukapata koplo na sajini na kuruta kutoka kwa Waingereza, ila efendi amebaki, kabadilika sauti kidogo, na kila mwananchi wa Tanzania na Kenya anayesimamishwa na trafiki anaongea Kituruki bila kujua.

Feri ya Likoni, alafu Fort Jesus kabla hawajafunga. Wenyeji wanasema Ngomeni tu. Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, Waomani wakaizingira karibu miaka mitatu wakaichukua 1698, na kutoka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliitumia kufungia watu, kwahiyo gereza hapa nalo limekamilisha njia yake. Pale ngomeni kuna mizinga miwili iliyonifanya nirudi mara mbili kuiangalia, mmoja wa Königsberg, manowari ya Wajerumani, mwingine wa Pegasus ya Waingereza. Königsberg iliizamisha Pegasus Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na yenyewe ikaja kufia delta ya Rufiji Julai 1915. Sasa mizinga yao iko pamoja juani, watoto wa shule wanaipanda kupiga picha.

Jioni Bandari ya Kale. Majahazi machache, mengi yana injini. Nimepata kuongea na nahodha mmoja mtu mzima, akaniuliza we unajua nahodha ni nini? Nikasema ni Kiajemi, nav ni chombo na khoda ni bwana, bwana wa chombo. Akatikisa kichwa, akasema na khoda leo wao wanamwita Mungu. Alishawahi kuwabeba Wairani, anajua, na akaniambia jeshi la majini la Iran mpaka sasa nakhoda ni cheo cha afisa. Tukaongea pepo mpaka magharibi. Kaskazi, kusi, na katikati yake maleleji. Nikamwambia Wazungu wanasema monsoon, na hilo ni neno letu, Waarabu mawsim, Wareno wakalichukua, Waingereza wakalichukua kwao, na sisi tunalo nyumbani, ni msimu. Akasema basi msimu wa embe ni upepo! Akalirudia kwa wenzake, wamekaa juu ya magunia.

Siku ya 7, basi la Lamu

Safari ya kutwa nzima, vizuizi vingi, joto. Mokowe jioni, boti mpaka kisiwani. Nimelala.

Siku ya 8, Lamu

Nimeomba dau la tanga, sio injini, linipeleke Matondoni wanakounda vyombo. Nahodha kijana, hana thelathini, na mdogo wake wa kama miaka kumi na mbili. Tumetweka tanga mbele ya mji, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikapanda inalia, na mara moja upepo ukatukataa, maana kaskazi inatoka huko huko tunakoelekea. Nahodha akasema leo ni kubisha. Nikamuuliza kubisha vipi, akanionyesha kwa kiganja, unakwenda upande huu mshazari, unageuza, unakwenda upande ule, unageuza, kila mara unapata kidogo. Kubisha mlango, kubisha maneno ya mtu, kubisha upepo, nimeongea Kiswahili tangu nazaliwa sikuwahi kuyaweka matatu haya pamoja. Upande unaopigwa na upepo ni joshini, unaolala kwenye maji ni demani, na kila tukigeuza yule mtoto anaruka kutoka demani kwenda joshini kabla kaka yake hajafungua mdomo.

Mara ya nne au ya tano kugeuza, wimbi likaingia mbele, kama ndoo mbili hivi. Nikayaona yanapita chini ya miguu yangu yanakimbilia katikati. Dakika chache tena jingine likapiga nyuma karibu na usukani, nayo yakateremka, yakaenda pale pale. Yamesimama chini ya ubao, meusi, yana magamba ya samaki na jani la mwembe, yanacheza kila chombo kikilala. Sikusema kitu. Mtoto akanipa upo, ambao siku hizi ni dumu la mafuta lililokatwa ubavu, na nahodha bila kuniangalia, macho yake kwenye tanga, akaniambia kama anavyomwambia mtu wa chomboni,

"Mwanangu, inama ngamani ufue mai."

Nikainama nikayafua mpaka Matondoni.